Imbwa Aliyejua Kupita

Juu ya mlango wa chumba chetu, hapa Manika, mjini Kolwezi, kuna msumari, na kwenye msumari huo nimetundika kengele ya mti. Ni kipande cha mti kilichochimbwa katikati, ndani yake vijiti viwili vinavyogongagonga. Binti yangu anaitaka kila siku achezee. Mara ya kwanza nilimwambia itavunjika. Mara ya pili nikamwambia ina wadudu. Sasa nimeishiwa uongo, nasema hapana tu, na mama yake ananitazama kana kwamba nimemnyima mtoto bukari, ugali wake wa kila siku.

Kengele ile ilikuwa ya imbwa. Huku kwetu tunasema imbwa, wenzetu wa pwani wanasema mbwa, ni mnyama yule yule. Huyu alikuwa jike, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, wa aina ile isiyobweka. Ndiyo maana wanavalishwa kengele shingoni. Porini humwoni na sauti hatoi, unafuata kengele. Ikienda polepole, anatembea tu. Ikienda mbio, amepata harufu. Ikinyamaza, kuna jambo.

Mimi si mtu wa imbwa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, baba yangu alizaliwa hapa Kolwezi, nami nikazaliwa hapa, na kwa miaka yote hiyo pori letu lilikuwa ni majani ya nyuma ya kanisa. Nyama tuliijua iko sokoni, imekwisha kukatwa. Lakini nilioa binti wa mwindaji, kutoka kijiji kimoja kando ya barabara inayokwenda Sandoa, na mambo ya wakwe hayakuulizi umelelewa wapi.

Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili. Aliposhika ya tatu, wazazi wake wakatuma neno kwamba aende akae kwa mama yake mpaka ajifungue. Halikuwa ombi. Mwezi ule ule kontra yangu ya kazi ilikwisha na haikuandikwa tena. Ningeweza kubaki Manika peke yangu, mwanaume bila kazi na mke amechukuliwa na kwao, majirani wanihurumie kila asubuhi. Nikafunga mfuko wangu nikamfuata. Nilidhani nitakaa wiki mbili nirudi kutafuta kazi. Nilikaa miezi saba.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimebanwa. Upande mmoja uzio wa kampuni, senyenge juu mpaka chini, unakata njia ambayo watu walipitia mashambani kabla mimi sijazaliwa. Upande wa pili barabara, na malori ya madini yakipita yanaacha vumbi mpaka ndani ya sufuria. Katikati ndimo tulimokuwa, sisi na kipande cha pori kilichobaki. Simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja kikubwa tu, na mimi nilikipanda kila Jumapili kumdanganya mama yangu kwamba niko salama.

Lakini uzio ulionibana zaidi ulikuwa wa ukwe. Nikikutana na mama mkwe njiani, ni lazima nitoke njiani, nisimame ndani ya majani, nitazame pembeni mpaka apite. Siwezi kula mbele yake. Siwezi kucheka kwa sauti uani. Na tata mkwe, yaani baba mkwe, simkatalii neno. Akisema mvua itanyesha na jua linawaka, jibu ni moja. Ndiyo, tata. Mimi ni mtu wa hasira, hata kazini walinijua, msimamizi akiongea upuuzi namrudishia hapo hapo. Sasa fikiria miezi saba ya ndiyo, tata. Kooni mwangu palikuwa pamejaa maneno kama gunia la makala ya kupikia.

Juma la pili alinipeleka nyuma ya nyumba, mahali alipofunga imbwa zake tatu, akanieleza habari ya ngulungu. Ngulungu ni yule paa mwekundu wa vichakani mwenye madoadoa meupe, wengine humwita pongo. Mke akiwa na mimba, kwao, ngulungu haingii nyumba ile. Mume hamuui, hamgusi, hashiki damu yake, na imbwa wa pale uani hawamkamati. Mwiko huo ukivunjwa, mtoto atazaliwa na madoa ya ngulungu mwilini, kama hatafia tumboni. Tata mkwe hakusema habari ya zile mimba mbili zilizopotea Manika. Hakuhitaji kusema.

Nami ni mtu wa kanisa. Pasta wetu angesikia angenichapa na Biblia. Lakini mtu aliyezika mara mbili vitu vidogo vilivyofungwa kwenye kitenge hana kiburi cha kubishana juu ya mambo hayo.

Taabu ilikuwa yule jike mwekundu. Wale wawili wengine walikamata chochote. Yeye alikuwa imbwa wa ngulungu, ndiyo sifa yake mpaka vijiji vya mbali, na ngulungu nao, baada ya uzio kuwafungia pori lao, walikuwa wanakuja mpaka kwenye mihogo ya watu. Kumfunga miezi saba asiwinde ni kumuua kwa namna nyingine, na nyumba ingekula nini. Ilibidi afundishwe kumwacha ngulungu na kuendelea kukamata nsya, yule paa mdogo, na sungura na ndezi. Tata mkwe akanipa kamba yake mkononi.

“Tumbo ni la bibi yako, imbwa ni ya kwako,” akaniambia. “Mutoto akizaliwa na madoa, nitauliza. Kama ni imbwa njo ilishika, imbwa itakufa. Kama ni mukono yako, utarudia Manika peke yako, na mutoto atabakia huku.”

Ndiyo, tata.

Basi tukaanza. Tata mkwe alikuwa na kipande cha ngozi ya ngulungu, kikavu, cha zamani. Alikiloweka usiku kucha mbali na nyumba, asubuhi akakiburuza kwa kamba ndefu ndani ya majani, akazunguka, akavuka njia, akakitundika kwenye nguzo mwisho wa kiwanja. Mimi sikuruhusiwa kukigusa hata kwa kijiti. Kazi yangu ilikuwa kuja nyuma na imbwa kwenye kamba na kusikiliza kengele. Anapofika penye harufu, kengele inaanza kwenda mbio, shingo inavutwa upande. Hapo hapo navuta kamba na kusema neno moja: pita. Akiacha na kuendelea, anapewa kipande cha nyama kavu ya nsya. Akikazana, tunarudi mwanzo, tunapita tena. Ngozi ikipakwa pilipili siku nyingine, akichovya pua anapiga chafya mpaka anakaa chini, masikini, ananitazama kama mimi ndiye pilipili.

Siku ya nne nikampiga. Alikuwa amenivuta nikaanguka juu ya kisiki, suruali ikachanika, na sikuwa na nyingine ya kuvaa mbele ya wakwe. Nikashika fito nikampiga mara tatu, nne, na nasema ukweli, sikuwa nampiga yeye. Hakulia, aina hii hailii ovyo. Alilala chini akanionyesha tumbo. Tata mkwe akaja, akachukua fito mkononi mwangu bila kunitazama, akaivunja. Akasema imbwa anayepigwa anajifunza kuogopa mtu, hajifunzi kuacha nyama. Siku ile sikula. Nilikaa karibu naye nikimtoa kupe masikioni, na jioni akalaza kichwa juu ya kiatu changu.

Baada ya hapo tulielewana. Ilichukua karibu miezi mitatu. Tulivuka harufu ile asubuhi, mchana, penye upepo na bila upepo, kamba fupi, halafu kamba ndefu, halafu bila kamba. Nilijifunza kusikia vitu ambavyo sikujua vipo. Kuna wakati kengele inasita kidogo sana, ni yeye anajiuliza. Nilikuwa nashika pumzi. Ko, ko, ko, inasita, halafu ko, ko, ko, anaendelea. Siku ya kwanza alipovuka harufu mbichi ya ngulungu mzima bila kengele kusita hata mara moja, nilikaa chini nikacheka mwenyewe, mbali na ua. Alikuja akanilamba sikio. Katika kijiji kile chote hapakuwa na mtu mwingine niliyeweza kumtukana kwa upendo.

Tumbo la mke wangu likakua. Usiku nilikuwa naweka mkono pale nangojea mtoto apige teke. Mwezi wa sita ulipita, ule uliotuua mara mbili. Nikaanza kuhesabu siku kama mfungwa.

Mwezi wa nane wa mimba tukatoka asubuhi, mimi, tata mkwe na imbwa, tukafuata uzio wa kampuni. Yeye jike alikuwa mbele. Tukafika mahali ambapo senyenge ya chini imelegea, na pale alikuwa ngulungu, jike pia, mguu wa nyuma umenaswa kwenye nyaya mbili zilizojisokota. Alikuwa amehangaika muda mrefu, majani yote yamelala. Alipotuona alijitupa, nyaya zikaingia zaidi.

Imbwa alimpita. Hatua tano kutoka kwake, mnyama aliyenaswa, ananuka damu, anarukaruka. Alimpita. Kengele ikaenda ko, ko, ko, vile vile, mpaka mbele, akasimama akageuza kichwa kuona kama tunakuja. Ningekuwa na kofia ningemvulia. Tata mkwe alitoa sauti kidogo kooni, na kwake hiyo ni sherehe.

Halafu naye akapita. Nilisimama. Nikauliza kwa adabu yote kama hatuwezi hata kumfungua. Hakugeuka.

“Hatukuona kitu,” akasema. “Pita.”

Lile neno langu, nililomwambia imbwa mara elfu, akaniambia mimi. Ndiyo, tata. Nikapita.

Siku nzima nilikuwa nasikia yule mnyama, ingawa kutoka nyumbani huwezi kusikia chochote. Nitasema vile ilivyokuwa, nisijipambe. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa nyingi. Nilikuwa na hasira. Uzio, njia, mama mkwe na yale majani ya kumpisha, ndiyo tata, kichuguu, mfuko wangu ule ule ukutani. Sikuweza kuvumilia kwamba kuna kitu kingine kimenaswa na sisi wote tumepewa amri ya kutokiona. Mchana baada ya chakula nikasema nampeleka imbwa kurudia somo, nikamfunga kamba, nikaenda.

Nilimfunga kwenye mti mdogo mbali kidogo. Nikavua shati nikamfunika ngulungu macho, nikamkalia mabega kwa goti, nikaanza kufungua nyaya kwa vidole. Zilikuwa zimeingia mpaka kwenye mfupa. Damu ilikuwa mikononi mwangu mpaka viwiko. Alinipiga teke la tumbo ambalo nililisikia wiki nzima. Waya wa mwisho ulipoachia, alisimama, akaanguka, akasimama, akaingia kichakani anachechemea. Nikakaa pale, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Imbwa kwenye mti wake alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu, anatazama upande mwingine. Alijua somo lake.

Nikaosha mikono kwenye mfereji, shati nalo nikalifua. Kamba sikuifikiria. Nilikuwa nimeishika kwa mikono ile ile yenye damu nilipomfungua imbwa, kabla ya kunawa.

Tata mkwe aliiona tulipoingia tu. Akauliza damu ya nini. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu, ukasema imbwa amejikata sikio kwenye senyenge. Akamwita, akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku. Akamwachia. Nami nikadhani yamekwisha.

Binti yangu alizaliwa kwenye dispanseri ya barabarani, asubuhi, na alilia kabla hajatoka mwili wote. Alikuwa mzima. Nitalisema tena kwa sababu siku ile nililisema mara nyingi: alikuwa mzima. Na mgongoni, kushuka mpaka paja la kushoto, alikuwa na madoa meupe, saba, yamepangana. Muuguzi akasema ni alama tu za kuzaliwa, amekwisha kuziona kwa watoto wengi, hazina kitu. Mama mkwe akamfunika mtoto. Mke wangu akangoja mpaka tumebaki wawili.

“Uligusa?” akaniuliza.

Alikuwa amechoka, jasho bado usoni, mtoto kifuani. Miaka mitano ya ndoa, mimba tatu, na sasa mtoto anapumua. Nilifikiria taksi-moto, pikipiki ya kukodi, ya kurudi Manika, mimi peke yangu nyuma ya dereva, na mfuko wangu.

“Hapana,” nikasema.

Akafumba macho. Aliniamini, na hilo lilinibana kuliko uzio wote.

Siku ya tatu tata mkwe aliniita nyuma ya nyumba. Imbwa alikuwa kwenye kamba yake, kengele shingoni, akaniona akanyanyua mkia. Tata mkwe aliongea polepole. Akasema siku ile ya damu aliangalia sikio, masikio yote mawili, na hapakuwa na kidonda.

“Sasa damu ilikuwa ya nani?”

Alinipa muda. Lazima niseme hivyo, alinipa muda mrefu, akawa anachokonoa kucha zake na kisu, hakunitazama. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Ningeweza kusema ni mimi, tata. Maneno yote yale niliyoyameza miezi saba, na hilo moja lililotakiwa likakataa kutoka.

“Alinitoroka, tata,” nikasema. “Siku ile alikata kamba akaniacha. Alimshika ngulungu.”

Akatikisa kichwa, akakunja kisu, akashika kamba.

Kutoka pale kwenda kichuguuni ni kuvuka kiwanja chote. Mwisho wa kiwanja ile ngozi ya ngulungu ilikuwa bado kwenye nguzo, ya kufundishia, hakuna aliyeiondoa. Walipita chini yake, urefu wa mkono mmoja kutoka puani mwa imbwa. Nilikuwa nimesimama pale pale na masikio yangu yakasikiliza yenyewe, kwa mazoea. Ko, ko, ko. Haikusita. Na kama niliisikia mimi, mtu wa mjini, yule mzee aliyeishi na kengele zile tangu utotoni aliisikia vizuri kuliko mimi. Nilimwona amepunguza mwendo kidogo pale nguzoni. Halafu wakaendelea, wakapita nyuma ya kichuguu, kengele ikaenda bado, ikaenda, ikanyamaza.

Mpaka leo sijui aliamini nini. Tumerudi Manika, nimepata kazi nyingine, wakwe wanatuma mihogo na salamu, na wanapokuja tata mkwe anambeba mjukuu wake mgongoni, yale madoa yakigusa shati lake. Mke wangu anasema baba yake ananipenda kuliko wakwe wake wengine wote.

Siku ile tata mkwe alirudi kutoka kichuguuni peke yake. Alikuwa amefuta kengele kwa majani, imekuwa safi. Akaniwekea mikononi, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenzake kitu cha heshima.

“Wewe ulifundisha muzuri, mukwe,” akasema. “Imbwa njo ilikuwa mubaya.”

“Ndiyo, tata,” nikajibu.